Kadi ya Hospitali Haiondoi Ukungu Kichwani

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa na kamati tuseme habari ya bima ya afya, kwa kuwa wengi wenu mmeuliza. Yasemekana kwamba katika mapatano mapya ya kazi tutapewa kadi ya bima ya kampuni ya watu binafsi, na ndugu wengine wamekwisha kufurahi. Hatukuja kuwazuia kufurahi. Tumekuja kusema neno moja tu: kadi ni kitu chema, lakini tusiuze usingizi wetu ili tuipate.

Kwanza tuwape habari iliyotokea kwetu wenyewe, katika stesheni moja ambayo hatutaitaja. Mwenzetu mmoja alikuwa katika zamu ya usiku wa tatu mfululizo. Mchana hakulala vizuri, maana nyumba ni chumba kimoja na watoto ni wanne. Ilipofika saa kumi ya alfajiri, gari la mizigo lilikuwa limesimama katika laini kuu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipokea. Simu ikalia. Stesheni ya jirani ikauliza kama laini iko wazi. Akajibu, "Wazi." Mlinzi aliyekuwa mlangoni akamwambia, "Bwana, na hili lililosimama hapa je?" Mwenzetu akaruka, akashika simu tena, akasema, "Ngojeni, ngojeni!"

Ndugu, mtu huyu hakulewa. Hakulala pia, macho yake yalikuwa wazi. Aliliona lile gari, lakini akili haikulishika. Alituambia baadaye kwamba kichwa chake kilikuwa kama bonde la Limuru asubuhi ya mwezi wa saba, huoni mti ulio mbele yako. Na sisi tulifanya nini? Tulinyamaza. Hatukuandika neno kitabuni, kwa sababu tuliogopa afukuzwe. Mpaka leo jambo lile latuuma.

Hali hiyo waganga huiita ukungu wa akili. Wenyewe si ugonjwa mmoja wenye jina moja, bali ni dalili. Mtu husahau alilosema sasa hivi, husoma karatasi mara tatu asiielewe, hukosa neno analolijua, hufanya hesabu ndogo kwa shida. Huwapata madereva, wauguzi, waganga, makarani, waalimu, marubani. Kila mtu ambaye kazi yake ni kukumbuka na kuamua.

Sababu zake ni nyingi. Kubwa kwetu ni kukosa usingizi na kubadilishwa zamu ovyo. Lakini ziko nyingine: upungufu wa damu, ugonjwa wa sukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito isiyokwisha, na malaria iliyotibiwa nusu. Wako walioumwa Korona wakapona homa, lakini ukungu ukabaki miezi mingi. Akina mama wengine huupata wanapofikia umri wa kukoma hedhi, nao huona haya kusema. Hata dawa za mafua na za mwasho tunazonunua dukani, nyingine hulevya akili siku nzima. Kwa hiyo mtu asiseme upesi, "Fulani ni mvivu." Huenda fulani ni mgonjwa, na dawa yake si ghali.

Na usingizi usidharauliwe. Mwaka 1997 wachunguzi wawili wa Australia walitangaza walivyowapima watu waliokaa macho. Baada ya saa 17 bila kulala, mtu alifanya kazi kama mwenye pombe ya 0.05 kwa mia katika damu yake. Baada ya saa 24 alikuwa kama mwenye 0.10. Basi fikirini: mtu akija kazini amelewa, hufukuzwa siku ile ile. Lakini akija baada ya kukesha kwa amri ya orodha ya zamu, huambiwa ni mchapa kazi.

Sasa tuje kwenye bima. Bima ya serikali si ngeni kwetu. Mfuko wa NHIF uliundwa mwaka 1966. Sheria ya 2023 iliuondoa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pamekaliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100, wala haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hukatwa 1,100. Mwajiri huzipeleka fedha hizo, lakini ni jasho la mfanya kazi. Yeye haongezi zake juu. Na mkipewa kadi ya kampuni binafsi, makato haya hayaondoki.

Kadi ya binafsi ina faida yake. Huenda ukaonwa upesi zaidi, na mke na watoto wakatibiwa bila kuuza mbuzi. Lakini msitie sahihi kabla ya kuuliza. Je, kikomo cha mwaka ni shilingi ngapi kwa kulazwa, na ngapi kwa kutibiwa na kurudi nyumbani? Je, ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kuandikishwa unalipiwa, au utangoja miezi? Je, kupimwa damu na kupimwa usingizi kumo? Maradhi ya akili yamo, au yametengewa fedha kidogo tu? Na siku utakapostaafu, wakati mwili unahitaji mganga zaidi, kadi yaendelea au yakatika pamoja na mshahara? Kwa kawaida hukatika.

Haya yote ni ya kuuliza. Hata hivyo, tukipata majibu mema kwa yote, bado neno letu la kwanza lasimama. Tutalithibitisha kwa habari mbili za reli za nchi nyingine.

Uingereza ilianza matibabu ya bure kwa watu wote mwaka 1948. Hakuna mfanya kazi wa reli kule aliyehitaji kadi ya kununua ili aonwe na mganga. Lakini asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction, London, magari ya abiria yaligongana, wakafa watu 35, na mamia wakaumia. Fundi wa ishara alikuwa amefunga waya mpya, akaacha waya wa zamani haukukatwa wala kufungwa vizuri. Waya ule ukagusa mahali pake pa zamani, na ishara haikuonyesha nyekundu ilipopasa. Uchunguzi ulioongozwa na Bwana Anthony Hidden ulikuta kwamba fundi yule alikuwa amepata siku moja tu ya mapumziko katika wiki 13. Ulikuta pia kwamba hapakuwa na mtu aliyemkagua. Matibabu ya bure yalikuwako miaka 40; kilichokosekana ni kupumzika na mtu wa pili wa kutazama. Baadaye wenzetu wa kule wakawekewa mipaka: zamu isizidi saa 12, kati ya zamu na zamu saa 12 za kupumzika, na wiki isizidi saa 72. Hata mipaka hiyo si myepesi, lakini ni mipaka.

Habari ya pili ni ya New York, Marekani. Tarehe 1 Desemba 2013 gari la abiria liliingia kona ya Spuyten Duyvil kwa mwendo wa kilometa 132 kwa saa, mahali ambapo mwendo ulikuwa 48. Likaacha reli, wakafa watu 4. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba dereva alikuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, nao haukuwa umejulikana. Mwenye ugonjwa huo hulala saa nane na kuamka kama hakulala, kwa kuwa pumzi humkatika mara nyingi usiku. Tena, wiki mbili kabla alikuwa amebadilishwa zamu, akaanza kuamka alfajiri. Shirika lake halikuwa na utaratibu wa kuwapima madereva ugonjwa huo. Hapo ndugu mwaona: kadi humngoja mtu ajue kwamba ni mgonjwa, kisha aende hospitali. Mwenye ukungu mara nyingi hajui. Yapasa apimwe.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu uwatume wajumbe wetu wadai mambo manne, nayo yaandikwe katika mapatano yale yale yatakayotaja kadi.

Kwanza, mipaka ya saa za zamu, na orodha itolewe mapema. Sheria ya Ajira ya 2007 imekwisha kutupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sisi tuliosomea misheni tulifundishwa hivyo tangu utoto. Sasa tunayo na sheria.

Pili, kila mwenye kazi ya usalama apimwe mara kwa mara kwa gharama ya mwajiri: damu, sukari, macho, usingizi. Atakayekutwa mgonjwa atibiwe na apewe kazi nyingine kwa muda, bila kupunguziwa mshahara. Bila sharti hilo la mwisho, watu wataficha.

Tatu, siri ya mganga ilindwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Msimamizi ajue kama mtu anafaa kazi au hafai, asijue zaidi.

Nne, atakayesema, "Leo nilikaribia kukosa," asiadhibiwe kwa kusema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yatuwajibisha kumwarifu msimamizi tunapoona hatari kubwa. Twawezaje kutimiza wajibu huo kama malipo yake ni barua ya kufukuzwa? Laiti jambo hili lingekuwako, tungaliandika habari ya stesheni yetu, na wengine wangalijifunza.

Sasa neno la mwisho, nalo ni chungu kwetu. Mwajiri siye peke yake anayetunyima usingizi. Saa za ziada sisi wenyewe huziomba. Muhula ukifunguliwa, karo yadaiwa, twamfuata karani wa zamu na kumbembeleza atuandike mara mbili. Hatumlaumu mtu, sisi tunaosema hapa tumefanya vivyo hivyo. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Usiku mmoja tumeuza, wa pili tumeuza, na ule wa tatu ndio simu inapolia saa kumi ya alfajiri. Dawa yake ni mshahara unaotosha bila saa za ziada, na hilo nalo ni kazi ya chama.

Ndugu zetu, kadi tuipokee, tuisome, tuitumie. Lakini kadi hulipia kitanda cha aliyekwisha kuumia. Abiria aliyelala ndani ya gari usiku, na mtoto wake mapajani, hakuja kuuliza kama tuna kadi. Ametuamini kwamba tuko macho.

Kura itapigwa katika mkutano ujao. Njoni wote, na walio katika zamu ya usiku watume neno lao kwa wenzao.