Kufunga Sola Kwenye Kompyuta Kabla ya Kupanda Paani



Mada yangu ni programu za kompyuta zinazoiga mifumo ya umeme wa jua. Sitazieleza moja baada ya nyingine. HOMER, iliyobuniwa katika maabara ya taifa ya nishati jadidifu huko Colorado, Marekani, wengi wenu mmeikuta kwenye miradi ya visiwani na vijijini, kule sola, betri na jenereta vinapofanya kazi pamoja. PVsyst ya Uswisi hutumika sana kwenye maandiko ya miradi mikubwa. SAM ni ya bure, na PVGIS ya Umoja wa Ulaya ni ya bure pia, tena haihitaji kupakuliwa. Chagueni mnayoipenda. Ripoti nyingi zinazoharibika huharibiwa na visanduku ambavyo hatukuvigusa, pamoja na orodha ya matumizi tuliyoijaza tukiwa tumekaa ofisini.

Kisanduku cha kwanza ni mwelekeo wa paneli. SAM hukupokea na namba 180, maana yake kusini. Kwa mtu wa Colorado hakuna ubaya, jua lake hupita upande huo. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Paneli zake zinatakiwa zitazame kaskazini, kwa hiyo namba ni 0. Ukihamia PVGIS mambo yanageuka: 0 ndiyo kusini, kaskazini ni 180. Kwa mwinamo wa nyuzi 10 hasara ya mwaka mzima ni asilimia chache tu, na ndiyo sababu kosa hili linapita mbele ya macho ya wakaguzi. Lakini hasara hiyo haigawanyiki sawasawa. Inaangukia zaidi Juni na Julai, jua likiwa limehamia kaskazini.

Hapo tunaingia kwenye suala la wastani. Mfumo uliounganishwa na gridi unaweza kupimwa kwa jumla ya mwaka, kwa sababu siku ya mawingu gridi ipo. Kijiji kisicho na gridi hakili wastani. Nairobi jua hupungua sana Julai, kipindi cha baridi na mawingu mazito. Dar es Salaam mwezi wa kuogopa ni Aprili, masika yakiwa yamekolea. Betri zipangwe kwa mwezi mbaya zaidi wa mahali husika. Mwangalie pia data inatoka wapi. Data ya mionzi ya NASA POWER imegawanywa katika miraba ya nyuzi moja kwa nyuzi moja, yaani kilomita 110 hivi kila upande. Mji wa Moshi na vijiji vya juu ya mlima, vinavyofunikwa na ukungu nusu ya asubuhi, vinaweza kupewa jua moja. Data ya setilaiti ndani ya PVGIS ina miraba ya kilomita chache, na milimani ningeanza nayo.

Joto nalo lisipuuzwe. Paneli iliyoandikwa wati 400 ilipimwa maabara seli zikiwa nyuzi joto 25. Hewa ikiwa nyuzi 32 na jua kali la wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zinafika nyuzi 63 hivi. Kila nyuzi moja inayozidi inakula takriban asilimia 0.35, na zile wati 400 zinabaki kama 347. Hiyo ni paneli inayopata upepo kwa chini. Ukiilaza juu ya bati bila nafasi, hali ni mbaya zaidi, nayo programu haitajua mpaka uiambie namna ulivyofunga.

Haya yote ni madogo ukilinganisha na orodha ya matumizi. Chukueni mfano wa zahanati: taa 8 za wati 9 zinazowaka saa 6, friji ya dawa inayokula wati-saa 1,200 kwa siku (ya chanjo tuseme ina paneli zake), na kompyuta mpakato ya wati 60 kwa saa 5. Jumla ni wati-saa 1,932. Baadaye inakuja mashine ya kuchemshia vifaa, wati 1,500, inawashwa nusu saa kila asubuhi. Zinaongezeka wati-saa 750, karibu asilimia 39. Muuguzi angekutajia mashine hiyo kabla hujamaliza kuuliza, maana yeye ndiye aliyeiomba. Mbunifu hakufika kumuuliza.

Hata akifika, bado kuna mtego. Kwa kawaida programu hizi hupiga hesabu saa kwa saa, saa 8,760 za mwaka. Mashine ya wati 1,500 inayowaka nusu saa inaonekana kwenye hesabu kama wati 750 kwa saa nzima. Ongeza friji, wastani wa wati 50, na kompyuta 60: unapata 860. Ripoti itakuambia inveta ya wati 1,000 inatosha na kubakiza. Siku ya kwanza muuguzi akibonyeza swichi inveta inazima, na fundi anaitwa mwizi. HOMER inaweza kushushwa hadi hatua ya dakika moja, lakini lazima uwe na takwimu za matumizi za kiwango hicho, na injini ya friji inapojiwasha inavuta umeme mwingi kwa muda mfupi kuliko hata dakika hiyo. Kwa hiyo ukubwa wa inveta ningeupigia hesabu kwa mkono, vifaa vyote vizito vikiwa vimewashwa kwa pamoja, na kompyuta ningeiachia paneli na betri.

Mchana tutafungua kompyuta na kuanza na zahanati hii. Kundi la kwanza litatumia mwelekeo uliowekwa tayari na programu, la pili litaurekebisha, kisha tuweke matokeo ya Juni ya makundi yote mawili ubaoni. Wenye picha za vibao vya vifaa kwenye simu zao wazitoe: wati tutakazojaza zitatoka huko.