Kioo Hakikuwa na Kosa
Maneno ya kamati juu ya laptopu ya ushirika, yaliyosomwa mbele ya memba wote, Baraka



Katika mkutano uliopita mzee mmoja alisimama akauliza: «Ile mashini iliharibika namna gani, na feza yetu ilienda wapi?» Hatukumjibu vizuri. Siku ile sisi wenyewe tulikuwa hatujaelewa. Leo tumeelewa, na tunakuja kusema yote, hata pale tulipokosea. Tulikosea pakubwa.

Laptopu yenyewe mnaijua. Tuliipewa na marafiki wanaotusaidia, ilikuwa imetumika kwao, lakini nzima. Ndani yake iko orodha ya memba, michango ya kila mwezi ya sanduku la msaada, zamu za likelemba, na picha za karatasi za mashamba ya wale waliorudi wakakuta mtu mwingine analima kwao. Sisi tuliovuka ziwa kutoka Kigoma toka mwaka 2005 na miaka iliyofuata tunajua karatasi ni kitu gani. Wengi tulishuka bandarini na vitu vichache na karatasi zimefungwa ndani ya nailoni. Kwa hiyo mashini ilipozima, kamati nzima ilishikwa na woga.

Ugonjwa ulianza hivi. Wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi, kioo kilianza kuonyesha mistari, ya rangi ya waridi na kijani, kutoka juu hadi chini. Baadaye, ukifungua picha au video, mashini inaganda, kishale hakitembei tena. Mwisho ikawa giza kabisa. Taa ya kuwashia inawaka, ventilateri inazunguka, ule mlio wa Windows unasikika, lakini kioo cheusi. Ule mlio ungetufundisha kitu. Mashini ilikuwa hai, ni macho yake tu ndiyo yamekufa. Lakini hatukuusikiliza.

Tulifanya nini? Tuliuliza nani aliishika mwisho. Ni kijana wetu anayeandika michango. Watu wakasema aliangalia mpira ndani yake usiku, wengine wakasema aliiangusha. Yeye alisema: «Mpira niliangalia, ni kweli, lakini sikuiangusha.» Hatukumuamini. Tukapeleka mashini kwa fundi mmoja, akaitazama dakika mbili, akasema kioo kimekufa. Tukanunua kioo dola 65, kazi yake dola 10, jumla 75. Kamati ikakata kwamba kijana atalipa dola 40, tano kila mwezi.

Kioo kipya kiliwaka siku mbili. Siku ya tatu mistari ikarudi, ile ile, rangi zile zile. Fundi akasema kioo hicho pia ni kibaya, tulete feza ya kingine. Hapo njo tulisimama. Hatumtaji jina na hatumwiti mwizi, labda alikosea kama sisi. Lakini kioo chetu cha zamani, ambacho leo tunajua kilikuwa kizima, tulikiacha kwake bila kukiuliza. Toka leo, mtu akibadilisha kitu ndani ya mashini yenu, muombe kile cha zamani mkononi.

Aliyetutoa gizani ni dada mmoja, memba mwenzetu, aliyejifunza kompyuta kule kambini Nyarugusu na sasa anatengeneza simu na mashini huko Uvira. Alikuja na mkoba mdogo. Kabla ya kugusa kitu alituuliza maswali: mistari ilionekana wapi kwanza? Asubuhi, mashini ikiwa imelala usiku mzima, inawaka au haiwaki? Tukamwambia ndiyo, asubuhi inawaka kama dakika kumi, halafu inaharibika. Akacheka kidogo. «Kitu kinachofanya kazi kikiwa baridi na kufa kikipata moto, tutaanzia kwenye moto.»

Kesho yake asubuhi aliomba televisheni ya jirani, akaiunga na laptopu kwa waya wa HDMI. Mistari ikatokea kwenye televisheni pia! Tulinyamaza wote. Televisheni ya jirani haikuanguka, haikuangaliwa mpira na kijana wetu, na haijawahi kuingia nyumba yetu. Sasa inakuwaje na mistari yetu?

Akatueleza. Picha unayoiona inachorwa kwanza na kadi ya grafiki, halafu inapita kwenye waya mwembamba hadi kwenye kioo. Ukiunga kioo cha nje na picha ikawa safi, basi ubaya uko kwenye kioo cha laptopu au waya wake. Ubaya ukionekana kote kuwili, mchoraji mwenyewe njo mgonjwa, au programu inayomwongoza, ile wafundi wanaita drayva. Na kama kioo ni cheusi lakini ukimulika tochi kwa pembeni unaona picha hafifu, picha ipo, ni taa ya ndani ya kioo imekufa. Majaribio hayo yote hayakutugharimu hata franga moja. Dola zetu 75 zilitoka kabla hatujaazima waya wa jirani.

Hakukimbilia kusema ni kadi. Alitazama mistari inaanza lini. Ilianza kwenye alama ya kampuni iliyotengeneza mashini, ile inayotokea kabla Windows haijaamka. Wakati huo drayva haijaingia kazini bado, kwa hiyo drayva haiwezi kulaumiwa. Kama mistari ingeanza ndani ya Windows tu, angewasha mashini kwa hali salama, angetoa drayva na kuweka nyingine kutoka kwa kampuni yenyewe, na kazi ingeishia hapo, kwa gharama ya megabaiti tu. Alitoa pia ramu, akasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, akairudisha, juu ramu iliyokaa vibaya inaweza kuleta picha mbovu na hata giza. Kwetu haikubadilisha kitu.

Halafu akatoa betri, akafungua chini. Wandugu, tuliona haya. Pale hewa ya moto inapotokea palikuwa na vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi. Mashini hii tuliiweka juu ya meza yenye kitambaa cha kitenge, wakati mwingine juu ya kitanda, na mashimo ya hewa yako chini. Ilikuwa inavuta vumbi na nyuzi miezi na miezi. Na ile pasta inayokaa kati ya chipu na chuma cha kupoza, ambayo inapaswa kuwa laini, ilikuwa imekauka ikapasuka kama tope la kiangazi. Alisafisha kwa brashi laini huku ameshika ventilateri kwa kidole isizunguke, akafuta pasta ya zamani kwa alkoholi, akaweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Si zaidi. Wengine wanapaka kama siagi kwenye mkate, na haisaidii.

Baada ya hapo mashini ilifanya kazi zaidi ya saa moja badala ya dakika kumi. Tulifurahi, mama mmoja akapiga vigelegele. Halafu mistari ikarudi.

Dada akasema kadi imekwisha kuumia, kuipoza sasa ni kuchelewesha tu. Chipu ya grafiki imekaa juu ya vitone vidogo sana vya risasi, ya kulehemu, si ile nyingine tunayoijua. Ikipata moto inatanuka, ikipoa inanywea, kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka kitone kimoja kinapata ufa. Ukiwa baridi ufa unagusana, ukipata moto unaachana. Hata kampuni kubwa zimeumizwa na ugonjwa wa namna hii: mwezi wa saba 2008 kampuni Nvidia ya Marekani ilitangaza kwamba inatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinakufa mapema. Yetu si ya kampuni hiyo wala ya miaka ile, lakini sheria ya moto na baridi ni moja.

Hapo kijana mmoja akaleta habari kwamba watu wanapika kadi: unaiweka kwenye hewa ya moto mkali, au hata juu ya mbabula, vitone vinayeyuka vinashikana tena. Tuliuliza kwa hamu, juu ni bei rahisi. Dada alikataa. Mara nyingi ufa uko ndani ya chipu yenyewe, si chini yake. Moto unaufanya ugusane kwa siku chache au wiki chache, halafu unaachana tena, na safari hii umekaanga na vitu vya jirani yake. Moshi wa plastiki hiyo pia si wa kuvuta ndani ya nyumba yenye watoto. Dawa ya kweli ni kutoa chipu na kuweka mpya kwa mashini maalumu, na bei yake inakaribia bei ya laptopu nyingine iliyotumika. Kadi ya kompyuta ya mezani unaichomoa na kuweka nyingine, lakini ya laptopu kwa kawaida imelehemiwa kwenye ubao mkuu.

Sasa tulipona vipi? Kumbe mashini yetu iko na wachoraji wawili: ile kadi kubwa ya pekee, na mwingine mdogo anayekaa ndani ya prosesa. Kwenye bayosi, ukurasa ule unaoingia kabla ya Windows, kulikuwa na mahali pa kuchagua. Akamzima mkubwa, akamuacha mdogo. Mistari ikaisha. Orodha, barua, picha za karatasi, vyote vinafunguka vizuri. Michezo mikubwa ya video haitawezekana, na hatuna huzuni juu ya hilo. Si kila laptopu iko na mlango huo, tulibahatika. Dada alichukua dola 12, pasta na kazi pamoja. Nauli alikataa.

Kuna jambo moja limebaki, na ni zito kuliko mistari. Wakati mashini iko gizani, mama mmoja wa ushirika alifiwa na mume. Alikuja kuomba msaada wa msiba ambao ni haki yake. Tulimwambia angoje, michango yake iko ndani ya mashini iliyokufa, hatuwezi kuhakikisha. Alingoja wiki tatu, akakopa ya jeneza. Wandugu, kadi ya grafiki haishiki orodha ya mtu yeyote. Orodha iko kwenye diski, na diski ya mashini ile inatoka kwa skrubu nne. Dada aliitoa mbele yetu, akaitia ndani ya kisanduku cha kuunga na USB, akaiunga kwenye mashini yake, na jina la yule mama likaonekana, na miezi yake yote imelipwa. Ilichukua dakika ambazo hazikufika kumi. Tulimwendea nyumbani, tukampa msaada wake, na deni la jeneza tumelilipa kwa mifuko yetu sisi wa kamati, si kwa sanduku. Hatuombi tushukuriwe kwa hilo.

Kwa hiyo kamati imekata haya. Kisanduku cha diski kimenunuliwa, kiko kwa katibu. Kila jumamosi orodha inanakiliwa kwenye flashi mbili, moja inalala kwa mweka sanduku, moja kwa mama mshauri, na kila mwisho wa mwezi michango inaandikwa pia kwa kalamu kwenye daftari. Mashini inakaa juu ya ubao, si juu ya kitambaa, na moteri ya umeme ikiwa inayumba tunatumia betri yake. Mashini ikiharibika, hakuna feza itakayotoka na hakuna mtu atakayetajwa kabla ya kuunga kioo cha nje.

Kwenu marafiki wa mbali: mkitaka kututumia laptopu nyingine, tunapenda ile ya kawaida, isiyo na kadi ya pekee ya grafiki. Inapata moto kidogo, inakula umeme kidogo, na kiko kitu kimoja pungufu cha kufa. Na tafadhali chaja yake iwe ndani ya boksi. Ile dola 75 iliyotoka bure tumeiandika kwenye hesabu ya mwaka kama kosa la kamati, hatukuificha chini ya jina la matengenezo.

Na wewe kijana wetu, simama. Tulikulaumu mbele ya watu, kwa hiyo tunakuomba msamaha mbele ya watu. Umekwisha kulipa dola 20, miezi minne. Zile 20 zilizobaki zimefutwa. Bahasha iko hapa mezani, mweka sanduku atakupa sasa, na utie sahihi kwenye daftari, lile la kalamu.