Wazee Wakabidhi Wangali Hai



Oktoba kwetu Mbeere, kaunti ya Embu, ni mwezi wa jembe. Mvua ya vuli ndiyo tegemeo letu, na mkulima wa Gachoka anayechelewa kupanda ndengu na kunde hana wa kumlaumu. Mwezi huo huo una siku mbili za heshima. Tarehe 1 ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Tarehe 20 ni Siku ya Mashujaa, ambayo kabla ya Katiba ya 2010 tuliiita Siku ya Kenyatta. Siku ya kwanza huwa na blanketi, leso na hotuba. Ya pili huwa na gwaride na nishani. Mzee aliyeutumikia umma kijijini maisha yake yote huangukia katikati. Siku ya wazee anahurumiwa, siku ya mashujaa hatajwi.

Mimi nasema hivi. Heshima kubwa tunayoweza kumpa mzee aliyetumika ni kuipokea kazi yake angali hai. Tumuulize anachokijua, tukiandike, tumlipe jasho lake, kisha tumwache apumzike. Sifa za matangani anazisikia kila mtu isipokuwa yeye.

Nianze na jina ambalo Gachoka nzima inalijua. Jeremiah Nyagah alizaliwa mwaka 1920. Alisoma Alliance, akaenda Makerere, kisha Oxford, akawa mwalimu. Mwaka 1958 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Nyeri na Embu, wakati Waafrika waliokuwa humo hawakujaza basi moja. Baada ya Uhuru aliendelea kuwakilisha sehemu hii yetu, ambayo baadaye iliitwa jimbo la Gachoka na leo inaitwa Mbeere Kusini. Alikuwa waziri chini ya Kenyatta, akawa waziri chini ya Moi, na katika miaka ya 1970 alishika wizara ya Kilimo. Maskauti nao wanamkumbuka kama mmoja wa viongozi wao wakubwa.

Hayo yote yanavutia, lakini linalonigusa zaidi ni alilolifanya mwaka 1992. Mwaka ule vyama vingi vilikuwa vimerudi na wanasiasa walikuwa wakikanyagana kutafuta tiketi. Nyagah, baada ya miaka 34 bungeni, aliamua mwenyewe kutogombea tena. Hakuna kura iliyomwangusha. Aliishi miaka 16 zaidi, akafariki Aprili 2008 akiwa na miaka 87. Chuo cha ufundi cha Rwika, hapa hapa Mbeere Kusini, sasa kina jina lake.

Najua kuna anayesikiliza akasema: kiti kilibaki nyumbani. Ni kweli. Norman alimfuata baba yake, na Joseph akamfuata Norman, hadi Mutava Musyimi alipokichukua mwaka 2007. Wapiga kura ndio waliowachagua, nami sitawasemea. Ila jambo hilo linatuonyesha kwamba kung'atuka ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya sisi tunaobaki: tulipokea nini kutoka kwa mzee yule kuhusu kilimo cha nchi kavu, kuhusu shule, kuhusu namna ya kukaa serikalini miaka mingi na kuondoka kwa miguu yako mwenyewe?

Wakale wa Embu na Mbeere walikuwa na utaratibu wao wa kupokezana. Jamii ilikuwa na vizazi viwili, Thathi na Nyangi. Baba akiwa Thathi, mwanawe ni Nyangi, na mjukuu anarudi Thathi. Zamu ilipotimia, sherehe ya nduiko ilifanywa, na kizazi kilichotangulia kikawaachia waliokifuata dhamana ya mila na baraka za nchi. Wasomi wamebishana kama vizazi hivyo vilitawala kweli au vilikuwa vya ibada tu. Kwangu mimi la muhimu ni kwamba palikuwa na siku ambayo mzee alikabidhi mbele ya watu, na kijana akapokea mbele ya watu. Leo siku hiyo haipo. Mzee anakabidhi kwa kufa.

Mwangalie mzee wa kijiji. Jogoo hajawika vizuri, mlango wake umegongwa: mbuzi wa jirani wamelala kwenye ndengu za mtu. Saa nne yuko kwa naibu wa chifu kuthibitisha kwamba kijana anayetaka kitambulisho ni wa hapa. Jioni anasuluhisha mume na mke. Usiku anaamshwa kwa sababu kuna msiba. Simu ni yake, salio ni lake, nauli ya bodaboda inatoka mfukoni mwake. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa bila mshahara, na ahadi ya posho imesikika serikali baada ya serikali. Baadhi sasa ni akina mama, na bado tunawaita wazee wa kijiji.

Mtu huyo anabeba kumbukumbu ambazo hazimo katika faili lolote. Upimaji wa ardhi uliposhika kasi Mbeere katika miaka ya 1970, koo zilivutana mbele ya kamati, na wazee ndio waliosimama kueleza nani alilima wapi na babu wa nani alizikwa chini ya mti gani. Mashahidi wale wanazidi kupungua. Wajukuu wanagombea mpaka ule ule, wanapanda gari kwenda mahakamani Siakago, wanalipa wakili, kwa jambo ambalo guka, yaani babu, angelimaliza kwa kuonyesha kidole.

Na shosho, yaani bibi, je? Tangu miaka ya 1960, vikundi vya mabati vya akina mama vilichanga senti kwa senti hadi nyumba za nyasi zikaezekwa upya. Akina mama hao walikuwa na daftari, faini ya kuchelewa na mweka hazina asiyethubutu kula pesa. Leo tunaleta wakufunzi kutoka Nairobi kuwafundisha wasichana wetu kuendesha chama, na mweka hazina yule amekaa nyumbani akichambua kunde.

Sheria haijatunyima kitu. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema aliyepita miaka 60 ana haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia pamoja na serikali. Kupitia Inua Jamii, waliotimiza miaka 70 hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilianza pensheni kama hiyo Aprili 2016, wakati huo shilingi 20,000 za Tanzania kwa kila aliyefika miaka 70, awe alikuwa mvuvi au karani. Ni mambo mema. Lakini fedha hizo ni haki ya umri. Hazimlipi mtu aliyesuluhisha kijiji kwa miaka 30. Deni la kazi ni deni la kazi, na halilipwi kwa blanketi.

Sasa nisieleweke vibaya. Mvi peke yake si cheti cha hekima. Mwaka 1956, jirani zetu wa Njuri Ncheke, baraza la wazee kule Meru, walipiga marufuku ukeketaji wa wasichana, huku serikali ya kikoloni ikiwaunga mkono. Wasichana wengi waliasi, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, na wakajulikana kama Ngaitana. Wazee walisema, vijana hawakusikia, maana hakuna aliyekaa nao kuzungumza. Uongozi wa mzee una nguvu pale tu kijana anapokuwa na nafasi ya kuuliza na kujibiwa. Anayetaka kuheshimiwa bila kuulizwa anataka kuogopwa.

Basi nina mapendekezo matatu, na yote yanawezekana hapa Gachoka bila kungoja Nairobi.

Kwanza, wanafunzi wa shule zetu za upili na wa chuo cha Rwika wapewe kazi ya likizo: kila mmoja amrekodi mzee mmoja kwa simu yake. Amuulize kuhusu njaa ya 1984 na mahindi ya manjano, nani alitoa shamba la shule, bwawa la udongo lilichimbwa na nani na kwa nini lilijaa matope. Rekodi zihifadhiwe shuleni, na nakala iende kaunti.

Pili, mzee wa kijiji anapostaafu, chifu aitishe baraza. Mzee amkabidhi anayemfuata daftari lake, waitembee mipaka pamoja, na mrithi awe kijana au mwanamke ikiwa wananchi wamemtaka. Siku hiyo ndiyo ya kumsifu, naye akiwapo na akiweza kujibu.

Tatu, posho ya wazee wa kijiji iandikwe katika bajeti ya kaunti, kwa tarakimu, ili mwananchi aweze kuidai. Mwakilishi wa wadi atakayekuja kwenu na blanketi mwezi wa Oktoba, mpokeeni kwa asante, kisha mwulizeni ni ukurasa gani wa bajeti una jina la mzee wenu. Akikosa jibu, mwulizeni tena baraza lijalo, na lijalo tena, mpaka alipate.

Hayo ni maoni yangu kwa leo. Wewe unayenisikiliza ukiwa na mzee hapo nyumbani, zima redio kwa nusu saa, umwulize swali moja ambalo hujawahi kumwuliza.