Pembetatu ya Agizo la Mbolea

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi katika semina ya maandalizi ya msimu)



Nitazungumza nanyi juu ya hesabu za kuagiza pembejeo. Naelewa kuwa neno "hesabu" huwafanya wengine watazame saa. Nawaomba mnivumilie, kwani hesabu nitakayoieleza haihitaji zaidi ya kalamu, rula na karatasi ya miraba. Nami ningaliijua mapema, ingaliniepusha na aibu ambayo sijaisahau hadi leo.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa chama kimoja cha wakulima wa mahindi. Lori tulilokodi lilichukua tani 7, yaani mifuko 140 ya kilo 50. Halmashauri iliona ni hasara lori kurudi na nafasi tupu, ikaamua tuagize mifuko 80 ya mbolea ya kupandia na mifuko 60 ya mbolea ya kukuzia. Lori lilijaa barabara, nami nikalitia sahihi agizo kwa furaha. Mahindi yalipofika magotini, mbolea ya kukuzia ikaisha ghalani. Eka 20 zilizopandwa kwa mbolea zikakosa ya kukuzia, na majani ya chini yakaanza kugeuka manjano kutoka nchani, yakifuata mshipa wa kati.

Wanachama waliokosa mbolea wakauliza ilikokwenda, na vidole vikaelekezwa kwa mtunza ghala. Alikaguliwa kwa muda wa siku mbili. Kila mfuko ulionekana katika daftari lake. Mbolea ile haikuibwa na mtu, haikuagizwa kamwe. Hata hivyo mzee yule aliona amevunjiwa heshima, akaacha kazi, wala hakurudi tena. Kosa lilikuwa letu sisi tulioketi mezani na kutazama sharti moja tu, la lori, tukasahau mengine.

Sasa, ndugu zangu, tulirudie agizo lile kwa utaratibu. Idadi ya mifuko ya kupandia tuiite P, na ya kukuzia tuiite K. Tulikuwa na masharti matatu.

Kwanza, lori halibebi zaidi ya mifuko 140. Twaandika: P + K ≤ 140. Alama hiyo ya katikati husomwa "haizidi".

Pili, wanachama walikuwa wamekwisha kulipia mifuko 40 ya kupandia, na ahadi ni deni. Twaandika: P ≥ 40. Alama hii husomwa "haipungui".

Tatu, Bwana Shamba alishauri kwamba kila eka iliyopandwa kwa mfuko mmoja ipate baadaye mfuko mmoja wa kukuzia. Tena wapo wanachama wanaopanda kwa samadi, ambao huhitaji ya kukuzia peke yake. Basi ya kukuzia yaweza kuzidi ile ya kupandia, lakini isipungue. Twaandika: K ≥ P.

Chukueni karatasi ya miraba. Mstari wa chini uwe wa P na mstari wa kusimama uwe wa K. Kila agizo linalowezekana kufikiriwa, liwe la busara au la upuuzi, litakuwa nukta moja katika karatasi hiyo. Kisha kila sharti tuliandike kwanza kwa alama ya "sawa na", ili tupate mlinganyo, na kila mlinganyo utatupa mstari ulionyooka. P = 40 ni mstari wa kusimama. K = P ni mstari wa mshazari unaoanzia kwenye sifuri na kupanda sawasawa kati ya mihimili miwili. P + K = 140 ni mstari unaoteremka, kutoka 140 ya mhimili wa K hadi 140 ya mhimili wa P.

Mstari ni mpaka tu. Ni lazima tujue upande upi wa mpaka ndio wetu, na hapo makarani wengi hukosea. Dawa yake ni kujaribu nukta moja. Tuchukue nukta ya sifuri na sifuri. Kwa sharti la lori, 0 haizidi 140; ni kweli, basi upande wetu ni ule wenye sifuri. Kwa sharti la pili, 0 imepungua 40. Si kweli, basi upande wetu ni ule wa pili. Kwa sharti la tatu, nukta ya sifuri imekaa juu ya mstari wenyewe, kwa hiyo haitufai. Tuchukue nyingine: P iwe 0 na K iwe 10. Kumi haipungui sifuri. Basi upande wetu ni ule wa juu ya mstari.

Sehemu iliyo upande wetu kwa masharti yote matatu pamoja ni pembetatu. Pembe zake twazipata kwa kukutanisha mistari miwili miwili. P = 40 na K = P hukutana penye mifuko 40 na 40. P = 40 na P + K = 140 hukutana penye 40 na 100. K = P na P + K = 140 hukutana penye 70 na 70. Kingo zake nazo ni halali, kwa kuwa "haizidi" haikatazi kulingana.

Itazameni sasa nukta ya agizo letu la zamani, 80 na 60. Imekaa juu ya mstari wa lori, lakini iko nje ya pembetatu, chini ya mstari wa mshazari. Mtoto wa shule angaliiona. Agizo la 50 na 100 nalo liko nje, kwa kuwa jumla yake ni mifuko 150. Agizo la 50 na 70 limo ndani, na lori litabaki na nafasi ya mifuko 20. Nafasi tupu katika lori ni hasara ndogo kuliko eka zenye majani ya manjano.

Wengine mtauliza: fedha je? Swali hilo ni la haki. Tuseme, kwa mfano tu, mfuko wa kupandia ni shilingi 80,000 na wa kukuzia ni shilingi 60,000. Gharama ya pembe ya kwanza ni shilingi 5,600,000; ya pili ni 9,200,000; ya tatu ni 9,800,000. Hamna haja ya kupiga hesabu ya nukta zote, kwa sababu gharama ya namna hii hufikia ukubwa wake na udogo wake kwenye pembe. Chama chenye shilingi 9,800,000 chaweza kulipia agizo lolote lililomo.

Lakini tuseme mkopo ulioidhinishwa ni shilingi 9,200,000. Hapo unazaliwa mstari wa nne: 80,000P + 60,000K = 9,200,000. Unaanzia kwenye pembe ya 40 na 100, na kuikata pembe ya 70 na 70. Juu ya mshazari sasa hatuwezi kupita mifuko 65 ya kila aina. Kwa 66 tutadaiwa shilingi 9,240,000. Eneo letu limebaki pembetatu, lakini mpaka wake wa juu ni fedha, na mstari wa lori unaigusa penye pembe moja tu. Maana yake ni kwamba kukodi lori kubwa zaidi hakutatupa uwezo wowote mpya. Anayetaka kusaidia chama hicho atafute mkopo, asitafute lori. Bila mchoro, Halmashauri ingaliweza kubishana juu ya lori mpaka jioni.

Yaweza pia kutokea pembetatu isiwepo kabisa. Kama wanachama wangalilipia mifuko 80 ya kupandia, ya kukuzia nayo isingepungua 80, na jumla ingekuwa 160, ambapo lori hubeba 140. Hapo hakuna nukta ya kuchagua. Katibu asijifiche nyuma ya makadirio. Awaambie wanachama mapema kwamba zitahitajika safari mbili, au sharti mojawapo libadilishwe.

Msidhani huu ni mchezo wa darasani. Mwaka 1939, huko Leningrad, mwanahisabati Leonid Kantorovich alichapisha kazi iliyotokana na swali la viwanda vya mbao za plaiwudi: jinsi ya kugawa magogo ya aina mbalimbali kwa mashine ili yapatikane mazao mengi. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani alitoa njia ya kutoka pembe moja hadi nyingine kwa utaratibu mpaka ipatikane iliyo bora. Mwaka 1975 Kantorovich alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Penye masharti mamia hufanya kazi kompyuta. Yetu yatoshea katika karatasi moja.

Ndugu Makatibu, nawaomba jambo moja. Kabla ya kupeleka agizo, andikeni masharti yote, kila moja kwa mstari wake, mkachore pembetatu na kuibandika ukutani siku ya mkutano. Mchoro hauamui, hauwezi kusema kama 50 na 70 ni bora kuliko 60 na 65. Huo ni uamuzi wa wanachama. Kazi yetu ni kuwaonyesha mipaka waliyo nayo, ili wachague wakiwa ndani yake, na ili mtunza ghala mwaminifu asije akajibu kwa mbolea ambayo haikuagizwa.