Kulipia Hewa
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Waithaka)

Leo hatusemi habari za mshahara, bali za mlango mmoja unaopitia mshahara kupotea.

Sisi wa Waithaka tulifunga vyondo vya akina mama katika katoni, tukaipeleka mjini isafirishwe ng'ambo kwa ndege. Mizani ilisema kilo 8. Karani akaandika kilo 24. Tukapiga kelele sana, kumbe hakutuibia.

Mizigo mikubwa iliyo myepesi huijaza ndege kabla ya kuielemea. Basi wasafirishaji hupima mara mbili, kwa mizani na kwa ukubwa, kisha hutoza hesabu iliyozidi. Katoni yetu ilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 50, kimo 40. Zidisha zote, ni 120,000. Gawa kwa 5,000, ni 24. Wengine hugawa kwa 6,000, ambapo ingekuwa 20. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kufunga mzigo. Kwa meli, desturi ni meta moja ya ujazo kuhesabiwa tani moja.

Tukarudi, tukatia kiondo ndani ya kiondo, tukakata katoni kimo kikawa 20. Tukaandikiwa kilo 12. Akina mama walikuwa wametuambia hivyo tangu mwanzo, nasi hatukusikia.

Nanyi wapakiaji, angalieni: katoni ndogo ya misumari hutozwa kwa mizani, nayo ndiyo ivunjayo kiuno. Ulizeni kilo zake kabla ya kuinama.