Nyumba ya Dunga: Kumbukumbu Zilizobaki na Zilizofunikwa

Mada kwa semina ya walimu, masheha na waongoza watalii

Utangulizi



Mgeni anayeshuka Dunga, njiani baina ya mjini na Chwaka, haondoki bila ya kuambiwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba hapa ndipo lilipokuwa jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala mwenyeji wa Unguja. La pili, ambalo husemwa kwa sauti iliyopunguzwa kidogo, ni kwamba jumba hilo lilipokuwa likijengwa, watumwa walizikwa hai chini ya msingi, na wengine waliuawa ili damu yao ichanganywe na chokaa, kuta zipate nguvu na nyumba ipate baraka. Akishalisikia hilo la pili, la kwanza humtoka.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: hadithi ya damu tusiifute wala tusiifanye bidhaa. Ni ushahidi, na ushahidi una taratibu zake za kusikilizwa. Tatizo ni kwamba imekua mpaka imezifunika habari nyingine za nyumba ile: nani aliyebeba mawe yake, nani aliyeilipia, nani aliyelala ndani yake, na Unguja ilipoteza nini nyumba hiyo ilipoanguka.

1. Nyumba na mwenyewe

Jumba la Dunga lilijengwa kati ya mwaka 1846 na 1856. Aliyelijenga ni Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed bin Hassan al-Alawi. Tarehe hizo tuziweke mahali pake. Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alikuwa ameshahamishia makao yake Unguja, mashamba ya karafuu yameenea, na watumwa wanashushwa kwa maelfu kuja kuyafanyia kazi. Sultani alikuwa na majumba yake pwani, Mtoni na Beit al-Ras, yakitazama bahari na meli. Mwinyi Mkuu alibakiwa na madaraka juu ya Wahadimu, wenyeji wa Unguja, kupitia masheha wao, na kazi ya kukusanya kodi ambayo fungu lake lilikwenda kwa Sultani.

Mtu wa namna hiyo akajenga jumba la mawe katikati ya kisiwa, mbali na bandari, kwenye njia ya kwenda mashariki walikokaa watu wake. Mimi nalisoma jumba lile kuwa ni madai. Lilikuwa likisema kwamba pwani ina bwana wake, na shamba lina wake. Aliyeyapenda madai hayo aliliona jumba ni fahari. Aliyetozwa kodi na kuitwa kazini kwa ajili yake huenda aliliona vingine.

Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed akashika nafasi, naye akafa kwa ndui mwaka 1873 bila ya kuacha mtoto wa kiume. Dada zake wawili walikuwa wameolewa katika koo za Kiarabu zenye mashamba. Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, hakumtambua mtu mwingine kuwa Mwinyi Mkuu, na cheo kikaishia hapo. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kulifunga soko la watumwa. Kwa hiyo nyumba inayosemwa ilisimama juu ya mifupa ya watumwa ilimpoteza bwana wake wa mwisho katika mwaka uleule soko lilipofungwa. Mambo haya mawili sijapata kuyasikia yakisimuliwa pamoja, na ningependa yaanze kusimuliwa hivyo skulini.

2. Nyumba ya mawe inavyokufa

Mwanzoni mwa karne ya 20 jumba lilikuwa tayari gofu. Vijana wengi hudhani kwamba lazima alikuja mtu na nyundo. Nyumba ya mawe ya Unguja haihitaji sana nyundo. Inahitaji kuachwa tu.

Tuitazame ilivyojengwa. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kupanga matumbawe juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha yakaachwa yanywe maji na kupoa kabla ya kutumika. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, chumba nacho kilikuwa na upana wake: takriban mita 2.5 hadi 3, hata nyumba ikiwa ya mfalme. Ndiyo maana majumba ya zamani yana vyumba virefu vyembamba. Juu ya boriti ziliwekwa kokoto na chokaa, zikatwangwa na safu ya watu wenye vigongo, siku baada ya siku, kwa kuimba ili mapigo yaende pamoja.

Sasa dari ikitoboka, maji huingia katikati ya ukuta. Udongo ulioko ndani huoshwa kidogo kidogo, boriti huoza kwenye vichwa vyake vilivyomo ukutani, na mbegu ya mtini iliyodondoshwa na ndege huota kwenye ufa. Mizizi humaliza kazi. Anayeyatazama magofu leo anaona vipande vya kuta, matao na nafasi za madirisha. Boriti zimeondoka, na zilipoondoka sakafu za juu na vyumba vya kulala vimeondoka nazo. Kilichobaki ni kile ambacho mvua haikuweza kukimaliza.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu moja. Kila kapu la chokaa na kila boriti lilibebwa na mtu. Jumba lilichukua miaka kumi. Hata kama hapakumwagika tone moja la damu, hiyo ni kazi kubwa mno, na sehemu yake ilifanywa na watu ambao hawakuwa na hiari.

3. Kumbukumbu tatu

Anayekaa na kusikiliza atakuta kumbukumbu za nyumba ile ni za aina tatu.

Ya kwanza ni ya damu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, magofu yalipokuwa yakisafishwa, kilikutwa kisima kilichojaa mifupa ya watu hadi nusu. Habari hiyo iliipa nguvu hadithi ya watumwa, na watu wakawa hawapiti pale usiku. Pana wenyewe, walisema, na maneno hayo yanatosha kumzuia mtoto yeyote wa shamba. Lakini tuwe waangalifu. Mifupa kisimani inatuambia kwamba watu walifia pale au walitupwa pale. Haituambii ni lini, ni nani, wala kwa amri ya nani. Ndui, njaa na vita navyo hujaza visima.

Ya pili ni ya ngoma na siwa. Mwinyi Mkuu alikuwa na vifaa vya enzi, ngoma za mbao zilizochongwa na siwa, yaani baragumu ya enzi, na vilikuwa Dunga. Inasimuliwa kwamba ngoma zililia zenyewe palipokuwa na jambo kubwa. Vifaa hivyo vilihamishiwa makumbusho mjini. Hapa tuna kumbukumbu ambayo ushahidi wake unashikika, lakini umetengwa na mahali pake. Mwanafunzi wa Dunga anaweza kumaliza skuli bila ya kuiona ngoma ambayo babu wa babu yake aliiogopa.

Ya tatu ni ya mvua. Husimuliwa kwamba Mwinyi Mkuu alipokosana na Sayyid Said na kuondoka, mvua ilikatika miaka mitatu, mpaka alipobembelezwa akarudi. Ukiisikiliza vyema, hii ni kauli ya siasa iliyovaa nguo ya muujiza: nguvu unaweza kuwa nazo, lakini ardhi hii inamjua mwenyewe.

Kumbukumbu ya damu inamshitaki mwenye nyumba. Ya mvua na ya ngoma zinamtukuza. Zote tatu zimetoka kwa watu walewale, na hatuna ruhusa ya kuchagua inayotupendeza.

4. Nani alizibeba hadithi hizi

Kabla ya kusimulia, tuulize hadithi imepita mikono gani. Pearce, aliyechapisha kitabu chake juu ya Zanzibar mwaka 1920, na Ingrams, aliyechapisha chake mwaka 1931, waliandika habari za Mwinyi Mkuu. Wote wawili walikuwa watumishi wa serikali ya Kiingereza hapa. Serikali ile ilipenda kujieleza kuwa ndiyo iliyokomesha utumwa, na jumba la kutisha lililojaa mifupa liliifaa. Tangu hapo hadithi imepita vitabuni, ikaingia katika vitabu vya watalii, na sasa inarudi Dunga kwa mdomo wa kijana aliyeisoma, akidhani ameipata kwa bibi yake. Pengine bibi naye aliipata kwa mwalimu.

Liko na jambo jingine gumu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 tulizoea kusimulia utumwa kwa pande mbili tu: Mwarabu bwana, Mwafrika mtumwa. Dunga haikai katika mpango huo. Mwenye jumba alikuwa mtawala wa wenyeji, aliyehesabiwa na Wahadimu kuwa ni wao. Ikiwa kuna ukweli wowote katika hadithi ya damu, basi na sisi tumo ndani yake. Nadhani hiyo ndiyo sababu wazee wengi huisimulia haraka haraka na kuishia kwenye mizimu, kwa kuwa mzimu hauulizwi ukoo.

Linganisheni na Mtoni. Jumba lile nalo ni gofu, lakini Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa pale mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kwa hiyo tunajua watoto walivyocheza, hamamu zilivyotumika, na nani alikasirikiana na nani.  Dunga hakuna aliyeandika kutoka ndani. Wale dada wawili wa Ahmed walikulia katika zama za jumba lile, na hatuna neno lao hata moja. Wapishi, wachota maji na waliotwanga dari hawakuulizwa kabisa.

5. Mapendekezo

Kwanza, katika kukusanya kumbukumbu, tuache kumuuliza mzee, "Ni kweli watu walizikwa hai?" Atajibu ndiyo au hapana, na mazungumzo yamekwisha. Tumuulize: Nani alikuhadithia? Ulikuwa na umri gani? Ulikatazwa kufanya nini pale, na nani aliyekukataza? Mlichuma nini kwenye uwanja wake? Majibu hayo yana tarehe ndani yake hata kama mzee hakuitaja.

Pili, tuwatafute wenye ufundi. Mwashi aliyerithi kazi akisimama mbele ya ukuta wa Dunga ataona mambo ambayo mwanahistoria hayaoni: wapi chokaa ni nzuri, wapi fundi alibadilika, wapi pameongezwa baadaye.

Tatu, waongoza watalii waseme chanzo cha kila wanalosema. "Inasimuliwa", "imeandikwa", na "inaonekana hapa ukutani" ni maneno ya heshima, na mgeni huyathamini kuliko mnavyodhani.

Nne, walimu waigawe ziara moja katika sehemu mbili: asubuhi magofuni, mchana makumbusho mbele ya ngoma na siwa, ili mtoto aunganishe nyumba na vyombo vyake.

Tano, masheha waweke daftari la shehia la masimulizi, lenye jina la msimulizi kwa ridhaa yake na tarehe. Wanaokumbuka walivyohadithiwa na watu waliozaliwa katika karne ya 19 wamebaki wachache mno.

Hitimisho

Hadithi ya watumwa walio ukutani imedumu kwa sababu ndani yake mna jambo la kweli, hata ikiwa maelezo yake si ya kweli. Mtu aliyesema jasho la wanyonge limo katika nyumba ile hakusikilizwa. Aliyesema damu alisikilizwa, na bado anasikilizwa. Wajibu wetu ni kurudi kwenye hilo jasho, tuulize lilikuwa la nani. Naomba majadiliano yaanzie hapo, na ningependa masheha wa Wilaya ya Kati wawe wa kwanza kusema.