Gazeti Lililoitwa Cheche

Warina asali wa Itigi hawana haja ya kufundishwa cheche ni kitu gani. Moshi hufukuza nyuki, lakini cheche moja ikianguka katika majani makavu, pori zima huteketea. Leo nataka kuwaeleza habari za gazeti lililoitwa kwa jina hilo, nalo lilitungwa na wanafunzi.

Gazeti la Cheche lilianza mwaka 1969 huko Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu kilichojengwa juu ya kilima. Walioliendesha walikuwa chama cha wanafunzi wenye fikira za mapinduzi, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji na Henry Mapolu. Jina walilichukua kwa kufuata gazeti la Lenin la mwaka 1900 na lile la Kwame Nkrumah wa Ghana, ambayo majina yake nayo yana maana ya cheche.

Msidhani walikuwa na mitambo mikubwa. Maneno yalipigwa kwa taipu juu ya stensili, stensili ikatiwa wino, kurasa zikatolewa, kisha zikapangwa na kubanwa kwa mikono ya wanafunzi wenyewe.

Mwezi wa Septemba 1970 toleo zima lilitolewa kwa makala moja ndefu ya Issa Shivji, kijana aliyesomea sheria. Kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967 mabenki na makampuni makubwa yalikuwa yametiwa mikononi mwa Serikali. Shivji aliuliza: Je, mali hiyo yamfaidia nani? Akasema ya kuwa makampuni ya ng'ambo yangali yameishika, na kwamba watu wa tabaka jipya, wenye vyeo, wanainuka juu ya mkulima na mfanyakazi.

Maneno hayo yalikuwa mazito. Hata mwezi wa Novemba 1970 Cheche likapigwa marufuku, na kile chama cha wanafunzi kikavunjwa. Sababu iliyotolewa ilihusu jina: ati laonyesha kwamba Tanzania inafuata ujamaa wa Kirusi, hali ina ujamaa wake yenyewe.

Je, mambo yakaishia hapo? La. Mwaka 1971 tawi la vijana wa TANU lilitoa gazeti jingine, likaliita MajiMaji, kwa kukumbuka vita vya mwaka 1905 hata 1907. Na makala ya Shivji ikapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1973, pamoja na majibu ya wataalamu wengine, akiwamo mwalimu Walter Rodney. Gazeti lilizuiwa, lakini neno lilikwisha kusomwa, wala halikurudi mdomoni.

Lakini sifa isinifanye nifiche kasoro. Cheche liliandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mkulima wa vitunguu wa Singida alitetewa katika kurasa zake, wala hakuweza kuzisoma, sembuse kuzijibu. Mtu akisemewa kwa lugha asiyoijua, hata na rafiki, yeye ni bubu katika shauri lake mwenyewe.

Basi, enyi wanafunzi, mkitaka kuanzisha gazeti, ukuta wa darasa watosha, na karatasi chache. Andikeni kwa lugha ambayo baba zenu na mama zenu waisoma. Mkiuliza fedha za ushirika zimekwenda wapi, hakikisheni hesabu kwanza, tieni majina yenu, na acheni nafasi ya jibu la yule mliyemtaja. Akikasirika, mtakuwa na ukweli wa kusimamia. Na akijibu vizuri, nanyi mtakuwa mmejifunza.